Halali Peke Yake Haitoshi: Funzo la Nyama ya Kasa Kisiwa Panza

Himdi Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, Aliyetuumba na Akatukadiria riziki zetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake wote.

Siku ya Jumanne, 5 Machi 2024, zikiwa zimebaki siku chache kuandama mwezi wa Ramadhaan, familia kadhaa za Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, Pemba, zilikula nyama ya kasa. Hadi kufika Jumamosi ya wiki ile watu tisa walikuwa wameshafariki: watoto wanane, na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa miongoni mwa wanane hao. Watu 78 walilazwa hospitali. Vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa walioathirika wote walikula nyama hiyo. Serikali ilipeleka timu ya maafa ikiongozwa na Mheshimiwa Hamza Hassan Juma, na wananchi wakatakiwa waache kula kasa.

Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, hapo hapo Pemba, watu saba walifariki kwa kitoweo hicho hicho, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo, katika muda usiotimia miaka miwili na nusu, kisiwa kimoja kimezika watu 16 kwa sababu ya nyama ya kasa. Na bado neno husikika barazani: kasa ni katika vitu vya bahari, na vitu vya bahari ni halali.

Makala haya yanataka kulipima neno hilo kwa mizani ya Sheria. Nia si kuwalaumu waliofiwa. Msiba wao ni wetu sote. Nia ni kuwa asizikwe mtoto mwengine kwa hoja isiyokamilika.

Aya inataka mambo mawili

Tunapoletewa chakula tusichokijua, swali letu la kwanza huwa ni moja: halali au haramu? Ni swali jema, na ni alama ya imani. Lakini tukirudi katika Qur-aan tunakuta sharti mbili. Katika Suwrat Al-Baqarah, aya ya 168, Allaah Anawaita watu wote, si Waumini pekee, wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo twayyib, yaani vizuri. Katika Al-Maaidah, aya ya 88, maneno hayo mawili yamekuja pamoja tena. Na katika Al-A’raaf, aya ya 157, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) anasifiwa kuwa anawahalalishia watu vilivyo vizuri na kuwaharamishia vilivyo vibaya.

Wanachuoni wa tafsiri wameeleza kuwa neno twayyib linakusanya kile ambacho nafsi iliyosalimika inakiona kizuri, kisichokuwa najisi, na kisichodhuru mwili wala akili. Basi halali inajibu swali: je, Allaah Amekiruhusu? Na twayyib inajibu swali jengine: je, hiki kilichoko sahanini mwangu leo ni kizima, au kina madhara ndani yake? Anayeuliza swali la kwanza akaacha la pili ameifuata nusu ya aya.

Mvuvi yeyote wa visiwani anaijua kanuni hii, hata kama hakuisoma darasani. Samaki ni halali kwa makubaliano ya Wanachuoni wote. Lakini bunju akiingia wavuni hurushwa nje. Hapana mvuvi anayesubiri fatwa juu ya bunju, wala anayesema kwamba samaki ni halali basi na tumpike. Anajua kuwa ana sumu, na sumu inamtosha kuwa hukumu. Kilichokosekana kwa kasa ni sisi kumuangalia kwa jicho lile lile.

Wanachuoni wanasemaje kuhusu kasa

Ni uadilifu kueleza kuwa suala la kasa lina khilafu. Aya ya 96 ya Suwrat Al-Maaidah imehalalisha mawindo ya bahari, na Hadiyth mashuhuri waliyoipokea Abu Daawuwd, At-Tirmidhiy na wengineo inaeleza kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Kutokana na dalili hizi, Wanachuoni wa madhehebu ya Maalik wameruhusu kasa wa baharini, na wa madhehebu ya Ahmad wameruhusu kwa sharti achinjwe.

Kwa upande mwengine, madhehebu ya Abu Haniyfah hayaruhusu katika wanyama wa majini isipokuwa samaki. Na katika madhehebu ya Ash-Shaafi’iy, ambayo ndiyo yanayofuatwa na walio wengi visiwani kwetu, kauli iliyo mashuhuri kwa wafafanuzi wa vitabu vyake ni kuwa kasa haliwi, kwa kuwa ni mnyama anayeishi majini na nchi kavu. Nasi tunamuona kwa macho yetu akipanda pwani usiku kutaga mayai mchangani. Wapo Wanachuoni ndani ya madhehebu hayo hayo waliopanua zaidi katika viumbe vya bahari.

Basi anayesema kasa ni halali kwa yakini, bila ya khilafu, amesema zaidi ya walivyosema Wanachuoni. Na wengi wanaosema hivyo visiwani ni wafuasi wa madhehebu ambayo kauli yake mashuhuri inakataza.

Lakini tuiweke khilafu hiyo pembeni, tuchukue kauli iliyo pana kuliko zote. Waliomruhusu kasa walizungumzia asili ya mnyama. Hapana hata mmoja kati yao aliyeruhusu sumu. Wanachuoni wa madhehebu zote wamekubaliana kuwa kinachoua au kudhuru mwili hakiliwi, hata kama asili yake ni halali kama asali au maziwa. Aya ya 29 ya Suwrat An-Nisaa imekataza watu kujiua, na aya ya 195 ya Al-Baqarah imekataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameweka msingi unaojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi, kwamba hapana kujidhuru wala kudhuru wengine. Kwa hiyo khilafu ya kasa haimsaidii mtu hapa, maana waliohitilafiana juu ya mnyama hawakuhitilafiana juu ya sumu.

Sumu hii ikoje

Wataalamu wanaeleza kuwa kasa huenda anaipata sumu kupitia chakula chake, hasa aina fulani za mwani na vijidudu vya baharini, ikajikusanya mwilini mwake bila ya yeye mwenyewe kudhurika. Sumu yenyewe hasa haijatambuliwa kikamilifu. Aliyetajwa zaidi katika mikasa ya namna hii ni ng’amba, lakini na kasa wa aina nyengine wamewahi kuua.

Mambo manne yanatosha kwa kila mzazi kuyajua.

La kwanza, kasa mwenye sumu haonekani. Anaogelea kama wenzake, na nyama yake haina rangi, harufu wala ladha ya kumtambulisha. Hata mzee mwenye uzoefu wa miaka hamsini baharini hawezi kumtofautisha.

La pili, moto hauiondoi sumu hii. Kuchemsha sana, kukaanga, kutia ndimu au kukausha hakubadilishi kitu.

La tatu, hapana dawa maalumu ya kuivunja. Madaktari humsaidia mgonjwa kupumua, kupata maji mwilini na kustahamili mpaka mwili ushinde, kwa idhini ya Allaah. Dalili huanza baada ya masaa, na pengine baada ya siku: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, kuwashwa na kuungua mdomoni na kooni, vidonda vya ulimi, kisha usingizi mzito unaoweza kumfikisha mtu katika kupoteza fahamu.

La nne, watoto ndio wanaoathirika zaidi. Idadi ya Kisiwa Panza inajieleza yenyewe: wanane kati ya tisa. Imeripotiwa pia katika mikasa ya nchi nyengine kuwa mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo, hata kama mama mwenyewe hakuonesha dalili.

Wala msiba huu haukutupata sisi peke yetu. Majirani zetu wa Bahari ya Hindi, Madagascar na Komoro, wameshapata mikasa kama hii. Mwishoni mwa Novemba 2024, kusini mwa Ufilipino, watu watatu walifariki na makumi wakaugua baada ya kula kasa. Ikaripotiwa kuwa hata baadhi ya mbwa, paka na kuku waliolishwa nyama ile walikufa.

Kondoo wa Khaybar

Anayedhani kuwa uhalali wa nyama unatosha, na aizingatie khabari ya Khaybar iliyothibiti katika vitabu vya Hadiyth. Baada ya vita, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliletewa na mwanamke wa hapo zawadi ya kondoo aliyepikwa, na ndani yake mlitiwa sumu. Kondoo ni halali, hapana anayelibishia hilo. Lakini pale sumu ilipojulikana, Mtume aliwaamrisha Maswahaba wanyanyue mikono yao. Swahaba Bishr bin Al-Baraa (Radhiya Allaahu ‘anhu), ambaye alikuwa ameshakula, alifariki kutokana nayo.

Hapa pana mafunzo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Kwanza, nyama iliyo halali kwa asili ilikoma kuliwa mara tu madhara yake yalipojulikana, wala hakuna aliyesema tumalizie kwa kuwa ni riziki. Pili, wako watu wanaosema kuwa aliyesoma Bismillaah hadhuriki. Je, kuna ambaye Bismillaah yake ni bora kuliko ya Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam)? Naye alinyanyua mkono. Jina la Allaah ni baraka na kinga kubwa, na katika adabu ya kulitaja ni kuacha alilotufundisha kuliacha Mtume Wake.

Hoja zinazosikika mapwani

Wapo wanaosema: babu zetu wamekula kasa na hawakufa. Jawabu ni kuwa si kila kasa ana sumu, na ndiyo maana wengi walikula wakasalimika. Huo ni usalama wa bahati, kama mtu anayevuka barabara bila ya kutazama. Anaweza kuvuka mara mia, na mara ya mia na moja ikawa ndiyo ya mwisho. Isitoshe, wangapi katika wazee wetu walikufa kwa tumbo la ghafla, na sababu haikujulikana kwa kuwa hapakuwa na maabara? Hatujui. Tunachokijua ni vifo 16 vilivyo mbele yetu.

Wapo wanaosema: ajali ikifika imefika, hata ukila samaki. Ni kweli kuwa ajali haisogei. Lakini ‘Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu ‘anhu) alipokuwa njiani kwenda Shaam akapata khabari ya maradhi ya tauni, aliamua kurejea na watu wake. Abu ‘Ubaydah bin Al-Jarraah (Radhiya Allaahu ‘anhu) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allaah. ‘Umar akambainishia kuwa anatoka katika qadar ya Allaah kwenda katika qadar ya Allaah. Kujikinga nako ni katika aliyoyaandika Allaah. Anayemficha mtoto wake asinyeshewe na mvua hawezi kusema kuwa kumkinga na sumu ni upungufu wa imani.

Na wapo wanaosema: tufanye nini na njaa? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, wala si ya kudharauliwa. Zipo nyumba ambazo bahari ikichafuka siku tatu hapapatikani kitoweo, na kasa mmoja ni nyama ya kutosha mtaa mzima bila ya kulipa hata shilingi. Tunayo mafunzo katika kikosi cha Maswahaba mia tatu waliotoka chini ya uongozi wa huyo huyo Abu ‘Ubaydah. Chakula kiliwaishia mpaka wakawa wanagaiwa tende moja moja, wakala na majani. Kisha bahari ikawatolea samaki mkubwa sana anayeitwa ‘anbar, wakamla kwa siku nyingi, na waliporejea Madiynah Mtume akawaambia kuwa ile ilikuwa riziki kutoka kwa Allaah, na yeye mwenyewe akala katika nyama yake.

Lakini tofauti iko wazi. Yule alikuwa kiumbe asiyejulikana kwa sumu, na walimla kwa siku nyingi miili yao ikarejewa na nguvu. Sheria inaruhusu hata mfu wa nchi kavu wakati wa dharura, kwa sababu kula kunaokoa roho. Kasa mwenye sumu haokoi roho, anaitoa. Kwa hiyo mlango wa dharura haufunguki hapa, maana kinachohalalishwa na dharura ni kile kinachoiondoa dharura yenyewe.

Ujirani ulioongeza msiba

Kasa ni mkubwa, hamalizwi na nyumba moja. Na desturi yetu ya visiwani, Alhamdulillaah, ni kuwa anayepata hugaia. Sahani inatoka kwa huyu inakwenda kwa yule, na watoto wa jirani ni watoto wetu. Ni Sunnah njema, na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimuusia Abu Dharr (Radhiya Allaahu ‘anhu) anapopika mchuzi aongeze maji awakumbuke majirani. Lakini desturi hii hii ndiyo inayoichukua sumu moja kuifikisha katika nyumba nyingi kwa siku moja.

Basi dhima ya mwenye kugaia ni kubwa kuliko ya mwenye kula peke yake. Anayempa jirani chakula amempa amana. Aliyeshajua khatari ya kasa kisha akagaia au akauza, ameingia katika katazo la kuwadhuru wengine, na hawezi kujikinga kwa kusema kuwa nia yake ilikuwa sadaka. Kuuza kinachodhuru hakufai, na pesa yake haina baraka. Zaidi ya hayo, kasa ni mnyama anayelindwa na sheria za nchi, na kumvua kunakatazwa. Kuitii sheria inayolinda roho za watu na viumbe vya Allaah ni katika utiifu kwenye jambo la kheri.

Na upande wa anayepokea: si ukosefu wa adabu kuuliza nyama hii ni ya nini. Mama anayeuliza kabla ya kuwapakulia watoto wake anatimiza uchungaji ambao ataulizwa mbele ya Allaah. Akiambiwa ni kasa, ashukuru kwa maneno mazuri na asile. Akijibiwa kwa mashaka, naye aache. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ametufundisha kuliacha linalotutia shaka na kuliendea lisilotutia shaka.

Yanayotakiwa kufanywa

Mvuvi: kasa akinasa katika jarife au nyavu, akiwa hai amuachie arudi baharini. Akiwa amekufa, asipelekwe pwani kwa kugaiwa. Mayai yake nayo yaachwe mchangani.

Mwenye nyumba: kama nyama imeshaingia ndani, isilishwe paka wala kuku. Ichimbiwe shimo refu ifukiwe. Hiyo si israfu. Israfu ni kupoteza chenye manufaa, na hiki manufaa yake yameshaondoka.

Aliyekwisha kula: yeye na wote waliokula pamoja naye waende hospitali mara moja, hata kama ni mmoja tu aliyeanza kutapika, na waseme wazi walichokula bila ya kuogopa wala kuona haya. Mama anayenyonyesha amtaje na mtoto wake. Kisomo na dua zifanywe njiani na kitandani pa hospitali, zisiwe sababu ya kuchelewa. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta dawa.

Makhatibu na walimu wa madrasa: jambo hili linastahiki khutba, hasa katika vijiji vya pwani, na lirudiwe. Baada ya vifo vya 2021 maonyo yalitolewa, kisha watu wakasahau, ikaja 2024. Sheha anaweza kutangaza katika shehia yake, na daktari anaweza kueleza, lakini hoja inayosema kuwa kila cha bahari ni halali ni hoja ya dini, na wenye jukumu la kuijibu ni watu wa dini.

Na wenye uwezo: kaya inayokula kasa kwa sababu haina kitoweo chengine, onyo peke yake haliwatoshi. Zaka na sadaka zetu ziwafikie kabla ya nyama ile kuwafikia.

Kanuni hii haiishii kwa kasa. Kopo la chakula lililopitwa na muda linalouzwa kwa bei ya chini, kuku wa barafu walioyeyuka wakagandishwa tena, mahindi na njugu zilizoota ukungu: vyote hivi asili yake ni halali, na huenda nembo ya halali imebandikwa juu yake. Bado sharti ya pili ya aya inauliza.

Waliotangulia

Ama ndugu zetu waliofariki, asije mtu akawasema kwa ubaya. Walikula kile walichokidhani kuwa ni riziki njema, bila ya kujua, na aliyefanya bila ya kujua hahesabiwi kuwa amejiua. Watoto hawana dhambi, na tunataraji watakuwa ni wenye kuwaombea wazazi wao. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amemtaja anayekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi, nasi tunataraji kwa rehma za Allaah kuwa wao wamo katika hao. Aliyewapikia wanawe kwa mapenzi naye asibebeshwe mzigo wa lawama juu ya mzigo wa msiba.

Lakini sisi tuliobaki tumeshajua. Hatutakuwa na udhuru wa kutojua mara nyengine.

Tunamuomba Allaah Awarehemu marehemu wetu, Awape subira wazazi wao, Aturuzuku kilicho halali na twayyib, na Atuepushie kila chenye madhara katika dini yetu na miili yetu. Aamiyn.

Wa Allaahu A’lam.